Amana ya Wakati: Kitabu Kirefu na Msomaji wa Pwani

Swali la kama inafaa mtu atumie miezi kadhaa ya umri wake kusoma kisa kirefu kilichobuniwa na mtu mwingine huchukuliwa na wengi kuwa swali la starehe tu, ambalo kila mmoja huachiwa alijibu apendavyo. Katika jamii zinazouona wakati kuwa amana, yaani kitu ambacho binadamu amekabidhiwa na Mola wake na ambacho ataulizwa alikitumiaje, swali hilo haliwezi kumalizwa kwa wepesi huo, kwa sababu kitabu kirefu humdai msomaji kitu ambacho akishakitoa hakirudi. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kuangalia pwani ya Kenya kutoka Kilifi hadi Malindi, pamoja na visiwa vya kaskazini vilivyoilea fasihi yake. Dai lake kuu ni kwamba taabu ya kitabu kirefu hutokana na upweke wa msomaji na haraka yake ya kumaliza kuliko inavyotokana na wingi wa kurasa, na kwamba dawa ya taabu hiyo imo tayari katika namna watu wa pwani walivyozoea kusoma vitabu vyao vya dini.

Kwanza yafaa istilahi mbili ziwekewe mipaka. Riwaya ni kisa cha nathari, yaani maandishi ya mjazo yasiyofungwa na vina wala mizani, chenye wahusika wengi na matukio yanayochukua muda mrefu kukomaa. Riwaya itaitwa hapa ya kudumu pale inapoendelea kusomwa na vizazi ambavyo havikumjua mwandishi wake wala havikuwa na haja ya kumpendeza, vikitafuta ndani yake jambo ambalo vitabu vya siku zao havivipi. Mfano utakaotumika zaidi ni Vita na Amani ya Leo Tolstoy, Mrusi aliyeikamilisha mwaka 1869, ambayo ina sura 361 na wahusika zaidi ya 500, na ambayo hutajwa mapema kila panapozungumzwa habari za vitabu vinavyoogopwa kwa unene. Kando yake vitawekwa vitabu vingine viwili virefu vya mashairi ambavyo msomaji wa Malindi ana haki ya kusema kwamba vinamhusu.

Pingamizi la kidini dhidi ya visa virefu ni la kale, na si haki kulipuuza. Katika Sura ya Luqman, aya ya 6, Kurani inamkemea mtu anayenunua maneno ya kupumbaza ili awapoteze wengine, na baadhi ya wafasiri hueleza kwamba aliyekusudiwa ni an-Nadhr bin al-Harith, Mkureshi aliyejifunza huko Hira hadithi za wafalme wa Uajemi, akawa akiwasimulia watu wa Makka habari za akina Rustam na Isfandiyar ili wasimsikilize Mtume. Kwa maelezo hayo, kosa lake lilikuwa kuutumia utamu wa kisa kuwaziba watu masikio wasisikie jambo zito kuliko kisa. Ndipo wanazuoni wakawa wanaonya dhidi ya laghwi, yaani maneno yasiyo na faida ya dunia wala ya akhera. Mzazi anayemwona kijana wake amekiinamia kitabu kinene cha habari za Warusi ilhali adhana ya alasiri imeshatolewa ana msingi wa kuuliza kijana huyo anatafuta nini humo, na jibu la kwamba kitabu hicho ni maarufu duniani halitamtosheleza, wala halipaswi kumtosheleza.

Hata hivyo Kurani hiyohiyo ina Sura ya Yusuf, ambayo tangu mwanzo wake inajitaja kuwa na kisa kilicho bora kuliko visa vyote, na ambayo katika aya zake 111 hufuata maisha ya mtu mmoja kwa mfululizo. Ndoto ya mtoto Yusuf hutajwa katika aya ya 4, na maana yake haitimii mpaka aya ya 100. Kati ya hizo mbili mna kisima, soko la watumwa, hila ya mke wa tajiri, gereza, miaka ya njaa, na ndugu wanaorudi mara kwa mara wasimtambue waliyemtupa. Yaakub anasubiri bila kujua mwisho, na anayesoma husubiri pamoja naye, kiasi kwamba subira inayosifiwa ndani ya kisa hufundishwa na umbo la kisa lenyewe. Mtu akipewa habari hiyo kwa sentensi tatu atakuwa amepata taarifa kamili, na hatakuwa amesubiri hata kidogo. Kwa hiyo urefu, katika baadhi ya visa, ni sehemu ya maana, na anayeufuta hufuta na maana yake.

Wacha Mungu wa pwani walilielewa hilo mapema, na ushahidi wake ni tenzi, yaani mashairi marefu ya masimulizi ambayo kila ubeti wake una vipande vinne vya mizani minane, vitatu vikiwa na kina kimoja na cha nne kikishika kina kinachorudi toka mwanzo hadi mwisho wa utenzi mzima. Utendi wa Tambuka, uliotungwa na Mwengo bin Athumani kisiwani Pate na ambao mwaka wake hutajwa kuwa 1728, una beti zaidi ya 1,100, na hadithi yake ni ya vita kati ya jeshi la Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi. Jambo la kuzingatia ni kwamba msafara wa Tabuk wa mwaka 630, ambao ndio asili ya kisa hicho, ulirudi Madina bila jeshi la Rumi kupigwa wala kupiga. Malenga wa Pate, akifuata mapokeo ya hadithi za maghazi, yaani masimulizi ya vita vya Mtume na masahaba zake, aliwapa wasikilizaji wake mapigano ambayo historia haikuyashuhudia, na watu wa dini wakayasoma, wakayanakili kwa khati ya Kiarabu, na kuyahifadhi. Haiwezekani basi kudai kwamba ubunifu mrefu ni mgeni katika dini ya pwani, kwa sababu ulikwisha kukaribishwa, na sharti lake lilikuwa kwamba usikilizaji wake umrudishe mtu kwenye mambo makubwa, kama vile ushujaa, mauti, ahadi na malipo.

Malindi yenyewe ina nafasi ya pekee katika mjadala huu, kwa kuwa ni mji uliowekwa ndani ya kitabu kirefu cha watu wengine ukiwa msikilizaji. Mwaka 1572 mshairi wa Kireno Luís de Camões alichapisha Os Lusíadas, utenzi wenye kanto, yaani migawanyo mikubwa, 10, na beti 1,102 za mishororo minane minane, unaosimulia safari ya Vasco da Gama kwenda India. Da Gama alifika Malindi mwezi wa Aprili 1498 baada ya kutoelewana na watu wa Mombasa, na alipoondoka alikuwa amepewa rubani wa kumvusha bahari. Camões aliligeuza tukio hilo kuwa kitovu cha utenzi wake: mwishoni mwa kanto ya pili mfalme wa Malindi anakwenda kwa chombo hadi penye merikebu za wageni, anamwomba nahodha amweleze habari za nchi yake, na kanto tatu nzima zinazofuata, ya tatu, ya nne na ya tano, ni maneno ya da Gama mbele ya mfalme huyo, kuanzia asili ya wafalme wa Ureno hadi jitu la kutisha linalolinda rasi ya kusini mwa Afrika.

Mtu wa Malindi anayesoma kanto hizo leo hujikuta katika hali mbili kwa wakati mmoja. Kwa upande mmoja, hawezi kusahau kwamba uhodari huo wa kusikiliza haukulipwa kwa wema, kwani Wareno walirudi wakiwa watawala wa bahari, na baada ya kuanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593 watawala wa Malindi walihamia Mombasa na mji wao ukafifia. Wala da Gama wa utenzini hamuulizi mwenyeji wake habari za babu zake kwa urefu wowote, na shairi lote halina kanto ya mfalme wa Malindi akisimulia. Kwa upande mwingine, msomaji huyo huona kwamba mtu mwenye hadhi kubwa katika masimulizi hayo ni yule anayenyamaza. Mfalme hana haja ya kumkatiza mgeni, hamhimizi afupishe, wala hajioni amepungukiwa kwa kuwa mwingine ndiye anayezungumza. Camões, aliyetaka kuwatukuza watu wake, alilazimika kubuni msikilizaji bora ili utukufu huo upate mahali pa kutua, na msikilizaji huyo akamfanya mfalme Mwislamu wa pwani ya Afrika Mashariki.

Kutokana na mfano huo panapatikana fasili ya usomaji wa kitabu kirefu inayofaa kwa mjadala wa kimaadili: ni kumpa mwingine nafasi ya kumaliza maneno yake kabla ya kumhukumu. Tendo hilo halimaanishi kukubali. Msomaji anaweza kuufunga utenzi wa Camões akiwa na hoja nyingi dhidi yake kuliko alizokuwa nazo alipoufungua, lakini hoja hizo zitakuwa na uzito kwa sababu zimetoka kwa aliyesikiliza mpaka mwisho. Msalaba wa jiwe la Ureno uliosimama kwenye rasi ya Malindi hutazamwa kwa dakika chache na kuachwa, na mtu akadhani ameyajua yaliyotokea. Kanto tatu hazimruhusu kudhani hivyo.

Baada ya kueleza kwa nini kitabu kirefu kinaweza kustahili wakati, ni lazima kukiri kwamba kukisoma ni kazi, na aina za ugumu wake zinatofautiana. Ugumu wa kwanza ni wa kumbukumbu. Mtakatifu Augustino, askofu wa Hippo aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliuchambua katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake, alipochukua mfano wa mtu anayeimba wimbo anaoujua: kabla hajaanza, wimbo wote umo katika matarajio yake, akishaanza, kila neno linalopita huhamia upande wa kumbukumbu, mpaka matarajio yaishe na kumbukumbu ichukue yote. Kwa Augustino, huo ndio mfano wa wakati wenyewe na wa maisha ya binadamu kwa jumla, kwa maana nafsi hunyooshwa kati ya yaliyopita na yajayo na haina pa kusimama isipokuwa katika kitambo kinachopita. Msomaji wa kitabu kirefu huupata unyooshaji huo kwa ukali zaidi kuliko mwimbaji, kwa sababu hajui kinachokuja, na kilichopita kinamponyoka. Utenzi humsaidia kwa kina chake kinachorudi kila ubeti. Riwaya haina kina, na humwachia msomaji kazi ya kushika majina, nasaba na ahadi zilizotolewa sura 100 nyuma.

Ugumu wa pili ni ugeni, na hapa msomaji wa pwani ana akiba ambayo pengine hajui kwamba anayo. Vita na Amani hufunguka mwaka 1805 katika sebule ya watu wakubwa wa Petersburg ambao, ingawa ni Warusi, huzungumza Kifaransa, na wasomaji wengi hukata tamaa hapohapo. Lakini aliyekulia katika darsa, yaani kikao cha mwalimu anayesoma kitabu cha Kiarabu na kukifasiri kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi, hajapata kuona ajabu kwamba maneno makubwa husemwa kwa lugha moja na kueleweka kwa nyingine. Majina ya Warusi nayo, ambayo husemwa kuwa kikwazo kikubwa kupita vyote, yana sehemu ya kati inayomtaja baba wa mtu, hivi kwamba Natalya Ilyinichna si mwingine ila Natalya binti Ilya, na Pyotr Kirillovich ni Pyotr bin Kirill. Jamii iliyozoea kumtambua mtu kwa baba na babu yake, iwe kwa bin na binti za Waswahili au kwa desturi ya Wagiriama ya kumpa mjukuu jina la babu, ina ufunguo wa mlango huo mkononi mwake.

Inafaa kutazama kwa karibu mahali pamoja katika riwaya hiyo ambapo akiba hiyo huonekana thamani yake. Mapema katika kitabu, mzee Kirill Bezukhov, tajiri mkubwa, yuko katika sakarati, na katika nyumba yake wamo jamaa wanaosubiri mali pamoja na Pierre, ambaye ndiye yule Pyotr Kirillovich, mwanawe aliyezaliwa nje ya ndoa. Mzee ameandika wasia wa kumpa Pierre kila kitu, na pia barua ya kumwomba mfalme wa Urusi amhalalishe kuwa mwana wa ndoa, na karatasi hizo zimo katika mkoba uliowekwa chini ya mto wake. Wakati mgonjwa anakata roho, binti mmoja wa ukoo na mama mmoja rafiki wa nyumba wanaung'ang'ania mkoba huo, kila mmoja akivuta upande wake kwa sauti ya chini na maneno ya adabu, ilhali Pierre amesimama hapo haelewi kinachopiganiwa. Msomaji wa Malindi anajua kwamba katika fikihi ya madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mtoto wa nje ya ndoa humrithi mama yake na hamrithi baba, na anajua jinsi ndugu wanavyoweza kutazamana mbele ya Kadhi. Kwake tukio hilo si la mila ya mbali. Analipima kwa sheria anayoijua, huona mahali ambapo sheria ya Warusi inatofautiana nayo, na huanza kujiuliza swali ambalo kitabu kizima kitalifuata, yaani kama mali iliyomjia mtu bila jasho wala haki iliyo wazi inaweza kumfanya mwema.

Raha ya kitabu kirefu huanza hapo, pale mhusika anapoacha kuwa jina na kuwa mtu wa kujuana naye. Kujuana huko hakupatikani kwa haraka. Pierre anayepita katika ulevi, ndoa mbaya, mashaka ya dini, uwanja wa vita wa Borodino na kutekwa na Wafaransa mwaka 1812 hajabadilika kwa tukio moja lolote, na msomaji hawezi kuonyesha ukurasa ambapo alibadilika, kama vile mtu asivyoweza kutaja siku ambayo ndugu yake alianza kuzeeka. Hadithi fupi inaweza kuonyesha mgeuko. Ukuaji unahitaji muda, nao muda huo lazima uwe ndani ya maisha ya msomaji mwenyewe, ambaye kati ya sura ya kwanza na ya mwisho naye amepata homa, amelipa karo, amezika na ameozesha.

Juu ya raha hiyo ya mazoea mna raha ya pili, ambayo ni ya kifikra, nayo inahusu kadari. Neno hilo, katika elimu ya tauhidi, ni makadirio ya Mwenyezi Mungu juu ya kila kitakachokuwa, na tatizo lake kongwe ni namna ya kuyapatanisha makadirio hayo na hiari ya binadamu anayeamrishwa, anayekatazwa na atakayehesabiwa. Waliosema kwamba binadamu hana hiari yoyote waliitwa Jabria, na waliosema kwamba anajitendea yote mwenyewe waliitwa Kadaria. Imamu al-Ashari, aliyefariki mwaka 936, alitafuta njia ya kati kwa kusema kwamba Mwenyezi Mungu ndiye anayeumba tendo na mja ndiye anayelichuma, na kuchuma huko, au kasbu, ndiko kunakomfanya awajibike. Tolstoy hakuzungumza kwa istilahi hizo, lakini sehemu ya pili ya hitimisho la Vita na Amani ni mjadala mtupu juu ya suala hilohilo: kama vita huamuliwa na wakubwa wanaotoa amri, au kama wakubwa hao wamebebwa na sababu zisizohesabika ambazo wao hawazioni.

Wasomaji wengi huziruka kurasa hizo kwa sababu ni kavu, na wanaozisoma peke yake, bila kilichotangulia, huziona ni falsafa ya kawaida. Aliyefika huko kwa miguu huzisoma kwa namna nyingine, kwa kuwa ameshaona jambo lenyewe. Ameona baraza la vita usiku wa kuamkia mapigano ya Austerlitz mwaka 1805, ambapo jenerali mmoja anasoma mpango mrefu wa kushinda na Kutuzov, mkuu wa jeshi, amelala usingizi kitini kwa sababu anajua kwamba kesho haitafuata karatasi. Na ameona, miaka saba baadaye, Kutuzov huyohuyo akikataa kuharakisha, akiacha wakati na uchovu vimtoe Napoléon katika nchi ya Urusi, huku vijana wa makao makuu wakimcheka kwa uzembe. Je, mzee yule alikuwa na hiari, au aliiachia kadari njia? Hoja ya kasbu, ambayo katika kitabu cha tauhidi huchukua kurasa chache na kumwacha mwanafunzi akikariri bila kushawishika, hupata mwili katika mtu mmoja ambaye kitendo chake kikubwa kilikuwa kujua wakati wa kutotenda. Hilo halithibitishi mafundisho ya Ashari, wala Tolstoy hangekubali kuwa mtetezi wake, lakini linampa anayefikiri kitu cha kufikiria.

Pamoja na hayo, pingamizi la awali linarudi kwa nguvu zaidi kutoka mahali pasipotarajiwa, kwa kuwa Tolstoy mwenyewe alilishika. Baada ya msukosuko wa imani uliompata katika umri wa makamo, aliandika kitabu Sanaa ni Nini?, kilichotoka mwaka 1898, akashikilia humo kwamba sanaa njema ni ile inayowaunganisha watu wote katika hisia za udugu na kumcha Mungu, na inayoeleweka na mkulima kama inavyoeleweka na bwana wake. Kwa kipimo hicho aliziweka kazi zake karibu zote, riwaya zake kubwa zikiwemo, katika fungu la sanaa mbaya, akibakiza hadithi fupi mbili tu. Mzazi wa Malindi na bingwa wa riwaya wa Urusi wanakutana basi kwenye shaka moja, ya kwamba kitabu kirefu ni anasa ya wenye nafasi. Shaka hiyo ina ukweli ndani yake, kwani mvuvi anayetoka usiku na mama anayeuza samaki alfajiri hawana saa tatu za kukaa kimya na kitabu, na riwaya iliandikwa ikimdhania msomaji wa aina nyingine, mwenye chumba chake, taa yake na saa zake.

Jibu la shaka hiyo limo katika namna ya kusoma kuliko katika kitabu kinachosomwa, na hapo ndipo desturi za pwani zinapofaa kutazamwa kama elimu. Waislamu wa pwani wana njia mbili za kukikabili kitabu kirefu wakiwa wengi. Ya kwanza ni khitima, ambapo juzuu 30 za Kurani hugawanywa kwa waliohudhuria, kila mmoja akasoma fungu lake kwa wakati mmoja na wenzake, na kwa muda mfupi msahafu wote ukawa umesomwa na thawabu zikaombewa marehemu. Ya pili ni darsa, ambapo mwalimu mmoja huanza kitabu kutoka mwanzo, akasoma kipande kidogo kila siku au kila juma, akakifasiri, akaulizwa maswali, na asiondoke kwenye kitabu hicho mpaka akikhitimishe, hata ikichukua miaka. Katika mwezi wa Ramadhani darsa za tafsiri husikika misikitini baada ya sala ya alasiri, na wanaokaa hapo wamo watu ambao hawajapata kununua kitabu maishani mwao. Khitima hugawa urefu, na darsa huushiriki. Kwa Kurani njia zote mbili zina maana, kwa kuwa matamshi yake yenyewe ni ibada. Kwa riwaya, ni darsa tu inayofaa, kwa sababu mtu aliyepewa sura ya 200 bila 199 za mbele yake hana alichopewa.

Elimu ya shule, kwa bahati mbaya, imechukua njia inayofanana na khitima bila baraka zake. Riwaya teule inayotahiniwa katika kidato cha nne, kama ilivyokuwa kwa Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora na Chozi la Heri ya Assumpta Matei, huja ikifuatwa na mwongozo, yaani kijitabu cha muhtasari wa sura, sifa za wahusika na maswali yenye majibu, na wanafunzi wengi huusoma mwongozo na kuiacha riwaya. Matokeo yake ni mtahiniwa anayeweza kuorodhesha maudhui sita asiyekuwa amekutana na hata moja. Hasara hiyo haipimwi kwa unene wa kitabu. Katama Mkangi, mwanasosholojia na mwandishi wa kutoka Kilifi aliyefariki mwaka 2004, na ambaye katika miaka ya 1980 aliwekwa kizuizini bila kushtakiwa, aliandika riwaya tatu zisizo nene, Ukiwa, Mafuta na Walenisi, na hiyo ya mwisho, iliyotoka mwaka 1995, humchukua mhusika Dzombo kutoka nchi ya dhuluma iliyomhukumu kifo hadi katika jamii iliyopangwa kwa haki, ili anayesoma ailinganishe hatua kwa hatua na anayoishi. Ufupisho wake unaweza kusema kwamba mwandishi alitetea usawa. Kulinganisha kwenyewe, ambako ndiko kitabu, hakufupishiki.

Kikao cha watu wachache wanaosomeana kwa sauti, mmoja akisoma na wengine wakisikiliza na kuuliza, kinatatua mengi kati ya magumu yaliyotajwa. Kumbukumbu inayomponyoka mmoja hushikwa na mwenzake. Maneno ya kigeni hufasiriwa na anayeyajua. Asiyekuwa na nafasi ya kusoma ana nafasi ya kusikiliza huku akisuka ukili au akipara samaki. Na mashaka ya kama kisa hiki ni laghwi au la huwekwa mbele ya wote, ambapo mwenye elimu ya dini anaweza kusema neno lake na akajibiwa. Sharti la Tolstoy mzee, kwamba sanaa iwaunganishe watu, linatimizwa na kikao hicho hata kwa kitabu ambacho yeye alikikana. Wala si kuivunjia riwaya heshima kuisoma kwa vipande, kwani sehemu za mwanzo za Vita na Amani zilitoka katika jarida kuanzia mwaka 1865, na wasomaji wake wa kwanza walilazimika kungoja.

Hukumu inayotokana na uchunguzi huu ni kwamba kusoma riwaya ndefu si wajibu, na hakuna anayepaswa kuona haya kwa kutoisoma. Lakini kwa anayeisoma kwa namna ya mfalme wa Malindi, akimsikiliza mwingine mpaka amalize, na kwa namna ya darsa, kidogo kidogo na pamoja na wenzake, wakati alioutoa haujapotea, kwa kuwa umenunua subira, kujuana na watu, na swali lililokomaa. Walimu wa Kilifi na Malindi, maimamu, wachungaji, na wazee wa mabaraza wanaombwa waanzishe vikao vya aina hiyo, wakianza na riwaya za Kiswahili zilizo karibu na kuendelea hadi hizo za mbali. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, na sura za Vita na Amani ni 361: kikao kitakachosoma sura moja kila siku kuanzia mwezi mosi Mfunguo Mosi, yaani siku ya Idi ya kumaliza Ramadhani, kitakuwa kimemaliza kitabu kizima ndani ya juma moja tu baada ya Idi kama hiyo ya mwaka unaofuata.